Hita ya Baba Mkwe

Fundi anaweza kumtengenezea gari mtu yeyote, lakini ukiniuliza mimi, nitakwambia umkwepe baba mkwe. Mteja wa kawaida ukimwambia kosa ni lake atabisha, atanuna, na mwisho atakubali au atahamia karakana ya jirani. Baba mkwe hubishani naye. Wala hahami, kwa sababu wewe ndiye fundi wa ukoo, na Jumapili mtakaa sebule moja mkitazamana.

Wangu alikuja asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mabati. Mji wetu uko mlimani, na kwenye karakana yangu hata spana unaziokota kwa kitambaa mpaka jua litoke. Nililisikia lori lake kabla sijaliona. Ni lori la zamani, lenye pua ndefu, ambalo amelishika tangu mke wangu hajazaliwa. Mama mkwe huliita "mke mwenzangu", na akilisema hilo hacheki.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Juma lililotangulia, mzee alikuwa akiingia nyumbani kwake na lori tupu akagonga nguzo ya lango lake mwenyewe. Nguzo ikalala. Yeye akasema miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, lori halina joto, mguu ukachelewa kufika kwenye breki. Kijana wake mkubwa, shemeji yangu, akasema baridi imesingiziwa, ule ni uzee, na sasa baba aachie usukani. Maneno yakawa mengi. Hatimaye wakakubaliana kwamba fundi ndiye aseme. Kama hita ya lori ni mbovu kweli, itengenezwe na mzee aendelee na kazi yake. Kama ni nzima, akabidhi funguo. Mimi sikuulizwa kama nataka kuwa hakimu.

Mke wangu aliniwekea sawa kola ya ovaroli asubuhi hiyo, jambo ambalo halifanyi. "Ukikuta gari lina kosa, sema," aliniambia. "Usipolikuta, litafute mpaka ulikute."

Nikamwambia hayo si maneno ya mtu mkweli. Akasema leo yeye si mtu mkweli, ni mtoto wa baba yake.

"Hita imekufa, mkwe," mzee alisema kabla hajamaliza kushuka. "Wewe ing'oe yote, weka nyingine. Nimeshakurahisishia kazi."

Mimi simpendi mteja anayekuja na jibu mkononi. Mtu akienda kwa daktari husema tumbo linauma, hasemi nipasue hapa. Lakini huyu ni baba wa mke wangu, kwa hiyo nikamwamkia, akaitikia marahaba, na nikasema, "Sawa baba, tutaiangalia," kwa ile sauti yangu ya kuongea na wakwe ambayo wanangu huiigiza nikiwa sipo.

Hita ya lori haina moto wake. Inaazima. Maji yaliyopata moto kwenye injini hupitishwa kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza hapo, na dereva akapata joto la miguu. Kwa hiyo ikiwa miguu ina baridi, maji hayafiki, au yamekwama njiani, au yanafika lakini hayana moto. Ni hayo tu. Wapo mafundi wanaoligeuza jambo hili kuwa uganga, wanagonga huku na kule wakiguna, nami siwapendi vilevile.

Nilianza na maji. Yalikuwa yamejaa hadi shingoni. Nikawasha feni, ikapuliza kwa nguvu na kunitemea majani makavu usoni.

"Feni nzima," nilisema.

Mzee akatazama pembeni. Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyopewa. Kila kitu ambacho ningekikuta kizima kwenye lori lile kingekuwa shahidi wa kumwangusha yeye. Alisimama kando ya tairi la mbele, koti limefungwa hadi kidevuni, akinifuata kwa macho. Nikaamua kwamba neno "nzima" sitalitamka tena kwa sauti.

Nikaingia kebini, nikalala chali chini ya dashibodi. Kitufe cha joto huvuta waya, na waya hufungua koki inayoruhusu maji kuingia kwenye hita. Waya ulikuwa umelegea.

"Umelegea kidogo," nikasema.

"Si nilikwambia!" Mzee alikuwa ameshaingiza kichwa mlangoni. "Kidogo hicho ndicho kinachoniua."

Nikaukaza, nikahakikisha koki imefunguka yote, nikaacha injini ingurume. Tulikunywa chai ya chupa tukiwa tumesimama, akanisimulia habari za dereva mwenzake aliyesahau breki ya mkono akalikuta gari lake limetangulia kufika sokoni. Ni mcheshi yule mzee. Tatizo lake ni kwamba akimaliza hadithi hukutazama hadi ucheke, na mimi nilikuwa natazama mlango wa kebini. Nikapanda tena, nikaweka mkono penye tundu la hita. Upepo ulikuwa uleule, wa mtu anayepuliza chai yake bila haraka.

Basi tukaenda kwenye mipira. Hita ina mipira miwili ya maji, mmoja wa kuingiza na mwingine wa kutoa, na ukiishika yote miwili itakuwa imekwambia karibu kila kitu. Kwangu kuna sheria hapo: nikishashika mimi, mteja naye anashika. Niliiweka kwa hasira, baada ya mtu mmoja kutangaza mtaa mzima kwamba namwonyesha magonjwa ambayo gari lake halina. Tangu hapo sielezi kitu ambacho mteja hajakigusa. Wengine huogopa kuchafua mikono, nami huwaambia sabuni ipo.

Nilifungua boneti, nikashika. Wa kuingiza ulikuwa vuguvugu. Wa kutoa ulikuwa vuguvugu vilevile.

"Karibu, baba."

Akavua glovu, akashika mmoja, akahamia mwingine. "Baridi," alisema. "Baridi kabisa, kama mtungi."

Nikadhani anatia chumvi. Wateja wote hutia chumvi, na mwenye kesi huongeza kijiko.

Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi. Mpira mmoja ungekuwa wa moto na mwingine wa baridi, ningesema hita imeziba, na kesi ingeishia hapo. Kumbe maji yanaingia vuguvugu na kutoka vuguvugu, maana yake hayajazuiwa popote. Hita ilikuwa nzima. Kwa masharti waliyowekeana yeye na mwanawe, hapo ndipo angepaswa kunipa funguo.

"Vipi hita?" akauliza.

"Subiri kwanza, baba."

Sikusema hivyo kwa sababu ya kola ya ovaroli, ingawa mke wangu haamini. Nilisema kwa sababu injini ilikuwa imenguruma muda wote huo na bado hakuna kitu chochote cha moto. Nikachungulia kebini. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini, hata haujajaribu. Nikashika mpira mkubwa wa juu, ule unaopeleka maji kwenye rejeta kubwa. Nao ulikuwa vuguvugu, na haukupaswa. Injini ikiwa haijapata moto, mpira ule hutakiwa kuwa baridi, kwa sababu kuna kijilango kinachoyazuia maji hadi yapate moto wa kutosha. Mafundi tunakiita thamostati. Kazi yake ni hiyo tu, kufunga na kufungua.

Nilizima injini, nikasubiri, nikafungua boliti za kifuniko chake. Ndani hamkuwa na kitu. Lilikuwa shimo tupu, lenye kutu ya miaka.

"Baba, hapa palikuwa na kitu."

"Nakijua," akasema. "Tulikitoa. Kule bondeni kila mtu alikuwa anakitoa."

Ningekuwa naongea na mtu mwingine ningepandisha sauti. Miaka mingi mzee alibeba mizigo kwenye nchi ya joto, lori likawa linachemka, na dawa ya kwanza ya mafundi wetu gari likichemka ni kung'oa thamostati na kuitupa. Hawaulizi kama rejeta imeziba wala kama mkanda wa feni umelegea. Wanang'oa, maji yanazunguka ovyo mchana kutwa, gari halichemki tena, na fundi anasifiwa. Likija na kosa lingine watang'oa kingine. Kule joto ni jingi, hakuna anayegundua hasara. Lakini mzee alikuwa amehamia huku juu, anabeba mbao kwenye ukungu, na injini yake haikuwa imepata moto hata siku moja tangu aje. Hita ingeazima nini?

Nilimweleza yote hayo, nikamfanya aingize kidole kwenye lile shimo. Alielewa kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo gari ndilo lenye kosa," alisema polepole.

"Gari ndilo lenye kosa, baba."

Alicheka, akanipiga bega, akacheka tena. Sijawahi kumpa mtu habari njema nikafurahi kiasi kile. "Mpigie," akasema. "Mpigie sasa hivi, kabla hujaokota spana."

Nikampigia shemeji na kumwambia. Akauliza, "Ni kweli? Si kwamba unamfurahisha dada?"

"Kweli tupu. Njoo uweke kidole."

"Basi nashukuru," alisema, na nikasikia pumzi ikimtoka. Nilikuwa nimemwona mtu mgumu juma zima. Kumbe naye alikuwa akiombea apatikane mtuhumiwa mwingine.

Thamostati niliipata kwenye duka la vipuri la mtaani kwetu. Nikakwangua kutu, nikakata gasketi ya kuzibia kifuniko, nikafunga, nikajaza maji na kutoa upepo uliobaki ndani. Mzee hakuketi. Alishika tochi ingawa jua lilikuwa limeshatoka, akawa ananimulikia mahali nisipopatazama. Nikawasha. Safari hii mshale ulianza kuinuka, ukapanda bila papara na kutulia katikati. Nikaingia kebini. Joto lililotoka pale chini lilinipiga usoni hadi nikarudi nyuma.

"Imepona!" nilimwita. "Njoo ushike, ujionee."

Nilishika mimi kwanza, kama sheria inavyotaka, ule mpira wa kuingiza. Niliuachia papo hapo nikajipuliza vidole. Yeye akaja, akaushika kwa kiganja chote, akatulia. Macho aliyaelekeza juu kidogo, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyesoma naye.

"Bado," alisema. "Vuguvugu. Bado haujafika, mkwe."

Nikacheka, nikijua ni mizaha yake. Nikamsubiri amalize. Lakini hakunitazama kuona kama nimecheka, na mkono haukutoka. Aliukaza zaidi, akingoja. Nikamkamata kifundo cha mkono nikauvuta kwa nguvu ambayo sikuwahi kufikiri ningeitumia kwa baba mkwe. Kiganja kilikuwa chekundu, kinang'aa, na chini ya vidole ngozi ilikuwa imeanza kuvimba.

Aliutazama mkono wake kwa muda. Nami nikautazama.

Nilimkalisha kwenye tairi kuukuu, nikamletea ndoo ya maji safi, akautumbukiza. Nikazima injini.

"Tangu lini, baba?"

"Mkono ni wa juzijuzi," alisema. "Miguu ina muda."

"Unaendeshaje?"

"Kwa masikio." Alisema bila kujisifu, akieleza kazi kwa mtu wa kazi. "Mafuta nayasikia kwenye injini. Klachi naisikia gia inapoingia. Breki ina upepo wake, nao nausikia. Ukikaa na gari miaka yote ile huhitaji miguu kukwambia."

Nikawaza barabara yetu ya mlimani na mbao zote zile mgongoni. Kisha nikauliza nisilotaka kuuliza. "Na siku ya lango?"

Akazungusha mkono ndani ya maji. "Siku ile watoto walitoka kunipokea. Walikuwa wanapiga kelele, babu, babu. Sikusikia kitu kingine."

Wale watoto ni wanangu. Mke wangu alikuwa amewapeleka kwa bibi yao siku hiyo, na walirudi wakinisimulia jinsi nguzo ilivyoanguka, wakigombania nani alikuwa karibu zaidi. Nilikuwa nimecheka nao. Sasa nikapatwa na hasira juu ya yule mzee, hasira ya kweli, na ilidumu hadi aliposema neno lililofuata.

"Mimi nilijua ni baridi," alisema. "Baridi si inatia ganzi? Kila mtu anajua. Nikasema, hita ikipona nayo miguu itaamka. Ndiyo maana nilitaka uing'oe yote."

Hasira ikaniisha, nikabaki na huruma ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilimtengenezea lori vizuri kuliko nilivyowahi kutengeneza kitu, na kwa kufanya hivyo nimemnyang'anya pa kuegemea. Laiti ningeliacha lile shimo tupu, angekuwa na baridi yake hadi leo. Na wanangu wangeendelea kumpokea langoni.

Nilingoja aniombe ninyamaze. Nilijua angeniomba, na sikujua ningejibu nini, maana shemeji nilishampigia, mke wangu ana matumaini, na mtu aliyekula chumvi nyingi kiasi kile hukatai neno lake kirahisi. Hakuniomba. Alitoa mkono kwenye ndoo, nikaufunga kwa kitambaa safi, akasimama.

"Twende zahanati wakautazame," nikasema. "Na miguu pia. Huenda kuna dawa, baba. Watakupima sukari, maana nayo hutia ganzi, watajua."

"Twende. Kijana nitamwambia mwenyewe. Wewe usimpigie."

"Sawa, baba."

Alitembea hadi kwenye lori. Nilidhani anakwenda upande wake, nikaanza kutafuta maneno ya heshima ya kumzuia. Akazunguka pua yote ile ndefu, akaenda mlango wa abiria, akahangaika na kitasa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu alikuwa hajui kwamba mlango ule huvutwa kwanza juu. Miaka yote hajawahi kuufungua. Nikaja nikamfungulia.

Nilishika usukani. Kiti kilikuwa kimechukua umbo lake na mimi nilikaa ovyo. Nilipotoka karakana na kuingia barabarani nilisahau kwamba hita iko wazi, na kabla hatujafika kona ya kwanza jasho lilikuwa limenilowesha mgongo. Nikanyoosha mkono kuifunga.

"Iache," alisema.

Nikaiacha. Akainama, akavua viatu kwa mkono mmoja, taratibu, kisha soksi. Akaisogeza miguu yake, mmoja baada ya mwingine, hadi pale chini ambapo upepo hutokea, akaipanga sambamba. Alikaa hivyo akitazama mbele. Tulipita sokoni, tukapita shule, tukaanza kushuka, nami nikawa nabadilisha gia kwa uangalifu nikijua ananisikiliza.

"Inapuliza?" aliuliza.

"Inapuliza, baba."

"Ya moto?"

Jasho lilikuwa linaniingia machoni. "Ya moto kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. Miguu yake ilikuwa bado pale pale, haijasogea hata kidogo.

"Basi umeitengeneza," alisema. "Ahsante, mwanangu."